Dakika 25 za Kisumu sio dakika 25 za Nakuru (mbavu za nguruwe kwa presha kuka)

Wacha nianze na aibu ndio tumalizane nayo mapema. Jumapili moja mwezi wa nne shemeji yangu, dadake mke wangu, anaishi Kisumu pale Mamboleo, alikuja kututembelea hapa Nakuru na bwanake na watoto wawili. Ndiye alitununulia hii presha kuka ya stima, kwa hivyo nikaona heshima ni kumpikia na zawadi yake mwenyewe, na nipike kile kitu yeye hupika vizuri kuliko sisi wote, mbavu za nguruwe. Alikuwa amenitumia maelezo kwa wasap, sauti ndefu ya dakika nne, nusu ni mapishi nusu ni kukemea watoto, lakini kwenye namba alikuwa wazi kabisa: "Shem, weka dakika ishirini na tano, utashika mfupa utoke peke yake."

Nikaweka 25. Kuka ikalia. Nikageuza valvu ya kutoa mvuke hapo hapo sababu wageni walikuwa washaanza kula kachumbari tupu, mvuke ukatoka na kelele mpaka paka wa jirani akaruka kutoka dirishani. Nikatoa mbavu, nikapaka sosi, nikapeleka kwa jiko la makaa nje, zikashika rangi hiyo nyekundu ya kung'aa, yaani ukiangalia kwa macho ilikuwa chakula ya harusi. Halafu watu wakaanza kula. Bwanake shemeji aliuma mfupa akavuta, akavuta, kichwa kikarudi nyuma mpaka nikaona koo, nyama haikuachilia. Kijana wao mdogo akauliza kwa sauti, "Mama, kwani hii ni slipa?" Akafinywa chini ya meza, nilimwona akiruka.

Shemeji hakuniaibisha, alingoja tukiwa jikoni. "Shem, uliweka ngapi?" Nikamwambia ishirini na tano, kama ulivyosema. "Haiwezekani. Kwangu hata dakika ishirini na mbili mtu anakula bila meno." Mke wangu akasema labda stima za Nakuru ni baridi. Wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Sasa hiyo maneno ya stima baridi ndio ilinisumbua wiki nzima, sababu ni mzaha lakini iko karibu na ukweli kuliko alivyojua. Nimelelewa Molo. Mtu wa Molo anajua maharagwe ni kazi ya siku, mama alikuwa anainjika asubuhi tukienda shule na tukirudi bado anaongeza maji, halafu unaenda kwa shangazi Mombasa unakuta maharagwe yale yale yanaiva watu wakipiga stori kidogo tu. Sisi tulikuwa tunasema ni kuni za huko. Kumbe ni maji. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha: Mombasa ni digrii 100, Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari hapo ni karibu 96, hapa Nakuru tuko kama mita 1,850, maji yanatokota kwa digrii 94 hivi na huwezi kuyalazimisha kupita hapo kwa sufuria ya kawaida hata ukiweka makaa ya gunia nzima. Molo yenyewe, juu zaidi ya hapa, ndio usiseme.

Na presha kuka si inatatua hiyo? Inatatua, lakini si yote. Hiyo mashine inaongeza presha juu ya ile hewa iko nje, sasa kama ya nje iko chini, jumla ya ndani pia inakuwa chini. Kisumu anaanzia ngazi ya pili, mimi naanzia ya kwanza, tunapanda ngazi sawa, nani atakuwa juu? Kanuni yenyewe ni rahisi na huwa imeandikwa kwa vile vitabu vidogo vya kuka ambavyo hakuna mtu husoma: ukipita kama mita 600, kila mita 300 unazoongeza, ongeza asilimia 5 ya muda. Nakuru inatoka karibu asilimia 20. Kwa hivyo dakika 30 za kitabu ni 36 zangu. Kisumu ni kama asilimia 9, na shemeji hata hakuwa anajua anaongeza, yeye alijaribu tu mpaka ikakubali, na bado alikuwa akinunua mbavu ndogo za nguruwe mchanga zilizokatwa vipande vipande.

Lakini nisidanganye, urefu wa Nakuru haukuniharibia peke yake. Nilifanya makosa mengine mawili na moja ni kubwa kuliko huo urefu.

La kwanza ni buchari. Mimi hununua Free Area, hapa hapa Nakuru, kwa jamaa mmoja ana gogo na panga, na ukiingia tu kabla hujasema habari panga iko juu, yeye anajua mtu wa nguruwe anataka vipande vya kukaanga. Siku ile nilipata mbavu za nguruwe mama mkubwa, mafuta vidole viwili, na sikuuliza. Siku hizi nasimama mlangoni nikiinua mkono kama askari wa trafiki: "Boss, usikate! Nipe ubao mzima, safu yote ya mbavu ikiwa imeshikana, wa nguruwe mdogo." Ananiangalia kama mtu amechanganyikiwa halafu ananitolea ngozi na mafuta ya juu na kisu, kwa subira kabisa. Angalia pia muhuri wa inspekta kwa nyama, na kama unaona vitu vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, hizo ni mabuu za tegu, rudisha pole pole bila kelele na usirudi hapo. Joto la kuka linaua hao mabuu, nyama ya nguruwe iliyo nzima inatakiwa ifike digrii 63 katikati na huku sisi tunapita mia, lakini hata hivyo si vizuri kula kitu ulichokiona.

Kosa kubwa ni ile valvu. Nyama imekaa ndani kwa joto la zaidi ya digrii 110, maji yake yamekaa kimya sababu presha imeyabana. Ukifungua valvu ghafla presha inaanguka, na hapa Nakuru maji yakipita 94 tu yanataka kuchemka, kwa hivyo maji mengi yaliyo ndani ya nyama yanachemka mara moja yanatoroka, nyama inajikunja. Yaani ile kelele ya mvuke nilikuwa nafurahia, nusu yake ilikuwa utamu wa mbavu ukienda kwa dirisha na paka. Siku hizi ikilia naiacha dakika 15 bila kuigusa, naosha vyombo, nawasha jiko nje, hiyo kidude ya juu ya kifuniko inayoonyesha presha bado iko inashuka yenyewe na kifuniko kinafunguka bila kishindo.

Haya, sasa venye napika.

Nafika nyumbani nageuza ubao wa mbavu upande wa mifupa. Kuna utando mweupe unang'aa kama nailoni umefunika huo upande wote, usipoutoa hata upike masaa mawili utabaki kama plastiki kwa meno na viungo havipiti. Ingiza mkia wa kijiko chini yake kwenye mfupa wa katikati, inua mpaka kidole kiingie, halafu shika na tishu kavu sababu unateleza, vuta. Ukiwa na bahati unatoka wote mara moja na sauti ya kupasua kitambaa. Mimi bahati hiyo huwa naipata mara moja kwa tatu, zile zingine natoa kwa vipande nikinung'unika.

Kwa kilo mbili napaka vijiko viwili vidogo vya chumvi, kijiko kikubwa cha paprika, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, na sukari guru niliyokwaruza na kisu kama vijiko viwili vikubwa. Sukari guru mke wangu huleta kutoka kwao Vihiga, ile nyeusi ya mviringo, ina ladha ya moshi kidogo na ya chumvi chumvi ambayo sukari ya kahawia ya dukani haina. Kama huna tumia hiyo ya dukani, sitakushtaki. Napaka usiku, nafunika, naweka kwa friji, na asubuhi natoa saa nzima kabla ya kupika ndio zisiingie zikiwa baridi kama barafu.

Ndani ya kuka naweka kikombe kimoja cha maji na vijiko vitatu vya siki, basi. Hiyo maji si ya kuchemsha nyama, ni ya kutoa mvuke, ndio maana kuna ile stendi ya waya, mbavu zinakaa juu yake haziogelei. Nakata ubao mara tatu nasimamisha vipande vizunguke ndani kama ua wa boma, mifupa ikiangalia katikati. Kuna watu humwaga soda hapo ndani, wengine juisi ya nanasi, mimi nimejaribu zote na naona ni soda imepotea, heri uinywe. Na kuna wale humwaga sosi yote ya tomato ndani na kufunga. Usifanye hivyo. Nilifanya mara ya pili, ile wiki baada ya wageni, kabla hata presha haijapanda kuka ikaandika neno la kuungua ikaanza kulia kama mtoto, kufungua nikakuta sukari imeshika chini imekuwa nyeusi, nikasugua hiyo sufuria siku mbili na jivu. Sosi ni mzito, una sukari, hauna maji ya kutosha ya kugeuka mvuke, sasa unakaa chini kwa moto unaungua. Sosi ni ya mwisho.

Dakika 36 presha ya juu. Nguruwe mkubwa naongeza nne. Halafu zile 15 za kungoja.

Katikati ya mara ya tatu stima zikapotea. Sitataja mtu, mnajua wenyewe. Nilikuwa nimefika dakika ya 20 hivi. Kitu nilifurahia ni kwamba hiyo chombo ikishafungwa haipotezi joto haraka, kidude cha juu kilikaa juu dakika nyingi tu huku nyumba ni giza, nyama inaendelea kuiva na moto wa zamani. Stima ziliporudi baada ya kama nusu saa kuka yangu haikukumbuka chochote, ikawaka ikiuliza nataka nini kama hatujawahi kuonana, nikaiwekea 15 zingine nikaomba Mungu. Zilitoka sawa. Pia watu huogopa eti inakula tokeni za stima, yangu imeandikwa wati 1,000 lakini haivuti hizo muda wote, ikishafika presha inazima inawaka inazima, ukilinganisha na gesi ya kuchemsha mbavu masaa matatu hata sioni kwa nini tunabishana.

Kitu kinachofanya nyama ya mbavu iwe ngumu ni kolajeni, ile kitu inashikilia misuli na mfupa pamoja, na dawa yake ni joto na unyevu mpaka igeuke jelatini, ndio unaona vidole vinanata. Wamarekani wenye haya mambo yao huweka mbavu kwa moshi wa kuni, joto la kama digrii 107 mpaka 120, masaa tano au sita, mtu anakaa na kiti nje siku nzima. Sisi tuna nusu saa sababu mvuke unasukuma joto kwa nyama haraka kuliko hewa kavu. Na si kitu kipya, Mfaransa mmoja anaitwa Denis Papin alionyesha chungu kama hiki huko London mwaka wa 1679, kazi yake ilikuwa kulainisha mifupa, na ndiye aliweka valvu ya usalama ndio chungu kisimlipukie. Kwa hivyo mkisikia ile pssss mjue ina zaidi ya miaka mia tatu.

Sasa ukifungua usishtuke. Mbavu zikitoka kwa kuka ni sura mbaya, zimekuwa kijivu kama nyama ya hospitali. Hapa ndipo watu hukata tamaa wanasema kuka haijui nyama. Enyewe haijui, kazi yake ni kulainisha tu, haiwezi kukauka ndani mpaka nyama ishike rangi. Toa na vijiko viwili vipana ukishikilia kutoka chini sababu zinaweza kuvunjika, laza kwa sinia, ziache dakika kumi zishikane.

Ndani ya kuka kumebaki supu. Toa mafuta ya juu na kijiko, chota nusu kikombe uweke kwa sufuria ndogo, ongeza kikombe cha tomato sosi, vijiko vitatu vya sukari guru, viwili vya siki, kimoja cha soya sosi, saumu na tangawizi ya kuponda, pilipili kichaa moja kama nyumba yenu inavumilia. Chemsha moto mdogo mpaka ukichovya mwiko na kupitisha kidole mstari ubaki. Kuna wakati nilikuwa na asali ya Baringo nikaweka badala ya sukari guru, ilikuwa tamu lakini iliungua haraka sana kwa jiko, nikarudi kwa guru.

Jiko lingoje mpaka makaa yafunikwe na jivu jeupe, usiweke likiwa na ndimi za moto. Nyama tayari imeiva, hapa tunatafuta rangi na moshi tu, kwa hivyo dakika tatu upande huu, paka, geuza, paka, geuza tena. Sosi inaanza kufanya mapovu madogo madogo halafu mapovu yanakuwa mazito yanapasuka pole pole, na pembeni za mfupa zinaanza kuwa nyeusi, harufu inabadilika kutoka tomato inakuwa karameli, hapo ndio unatoa. Ukijibu simu umepoteza. Mwenye oveni awashe moto wa juu dakika tano, itafanya, lakini haitakuwa na ule moshi wa mafuta yaliyodondokea makaa, na mimi naona huo moshi ndio nusu ya hii chakula.

Halafu kuna ubishi wa mfupa. Shemeji anataka nyama idondoke. Mimi nataka uiume, iachie pale ulipouma tu, ile ingine ibaki kwa mfupa ikikungoja. Nilifurahi kujua hata majaji wa mashindano ya kuchoma nyama ya Marekani wanahesabu mbavu inayodondoka yenyewe kuwa imeiva kupita kiasi. Nilimtumia shemeji hiyo habari. Akajibu, "Hao majaji wana meno."

Jambo moja sitasahau ni raba ya kifuniko. Hiyo raba inashika harufu kama blanketi. Shangazi ya mke wangu ni Msabato wa kweli, hagusi nguruwe, alikuja Jumatatu moja, mke wangu akampikia wali kwa kuka hiyo hiyo iliyooshwa vizuri na sabuni. Shangazi alinusa sahani, akaweka kijiko chini, akasema kwa upole, "Mwanangu, huu mchele ulilala na nani?" Wueh. Tuliomba msamaha mpaka jioni. Sasa tuko na raba mbili, nyekundu ni ya nguruwe na nyeupe ni ya vitu vingine, na hata hivyo shangazi akija tunapika kwa sufuria yake kwa gesi, hatumwekei mtego.

Shemeji walirudi mwezi wa nane. Sikusema kitu, nilipika kama nilivyoandika hapa, dakika 36, kungoja 15, jiko nje. Bwanake alichukua mfupa wa kwanza akiwa amejipanga, nilimwona amekaza shingo kabisa, halafu nyama ikaachia kirahisi mpaka karibu ajigonge na mkono wake. Kijana mdogo alikula mifupa sita bila kuuliza mtu swali. Shemeji alikula tatu akanawa mikono, akaniangalia. "Shem, sasa hapa uliweka ngapi?" Nikamwambia thelathini na sita. "Na mimi nikiweka thelathini na sita kwangu?" Nikamwambia itakuwa uji.

Krismasi nimepanga kubeba kuka niende nayo Molo kwa mama. Huko ni juu kama mita 2,500, nimepiga hesabu natoka na kama dakika 40, sina uhakika mpaka nijaribu na nimeshaambia buchari wa Free Area aniwekee mbao mbili. Mama yeye hana haja na mbavu. Ameuliza swali moja tu kwa simu, kama hiyo kitu inaweza maharagwe.